Usiku wa Nyota Masaki: Namna ya Kulisoma Anga Lenye Mawingu

Astronomia, yaani elimu inayochunguza nyota, sayari, Mwezi na vitu vingine vilivyo nje ya dunia, ni miongoni mwa sayansi chache ambazo mtu asiye na shahada, maabara wala mshahara wa utafiti anaweza kuzishiriki na hata kuziongezea maarifa mapya. Ndiyo maana katika nchi nyingi pameundwa vikundi vya watazamaji nyota wa ridhaa, watu ambao mchana ni walimu, mafundi, wanafunzi au wafanyabiashara, na usiku hukutana uwanjani na darubini zao. Vitabu vinavyowaelekeza watu hao, ambavyo vingi vimeandikwa katika nchi za mbali, hupenda kusema kwamba sharti la kwanza ni mbingu nyeupe isiyo na wingu. Kwa mkazi wa mwambao wa Tanzania sharti hilo ni gumu, kwa kuwa bahari iko karibu, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na usiku ulio wazi tangu magharibi hadi alfajiri si wa kuutegemea. Atakayeusubiri atatazama nyota mara chache sana. Atakayejifunza kufanya kazi katika nafasi zinazoachwa na mawingu atavuna mengi, na mahali pazuri pa kujifunzia ni Masaki.

Masaki inayozungumziwa hapa si ile ya rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam, yenye hoteli, balozi na taa za barabarani zisizozimwa, bali ni Masaki ya Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, wilaya inayopakana na Kibaha na iliyotenganishwa na jiji kwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Huku ni nchi ya mihogo, mikorosho na minazi, ambako giza la usiku bado ni giza. Jiji lenyewe, ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia wakazi 5,383,728, halionekani kwa macho, lakini mwanga wake huonekana: upande wa mashariki, juu ya upeo wa macho, pana weupe hafifu usiokwisha usiku kucha. Weupe huo ndio unaoitwa uchafuzi wa mwanga, nao hutokana na taa zinazomwaga nuru juu badala ya kuielekeza chini, nuru ambayo hugonga vumbi na mvuke wa hewa kisha ikarudi ardhini na kuzifunika nyota hafifu. Mtazamaji wa Masaki ya Msasani huhesabu nyota chache kubwa. Yule wa Masaki ya Kisarawe, akiyapa macho yake muda, huona ukanda wa Njia Nyeupe ukikata anga, na tofauti hiyo yote hupatikana kwa safari ya gari isiyomaliza nusu siku.

Mawingu ya eneo hili yana tabia zake, na kikundi kinachoyafahamu hakikati tamaa mapema. Wakati wa mchana jua huichoma ardhi, hewa iliyopata joto hupanda, nao upepo wa bahari huingiza unyevu barani. Hewa hiyo ikifika juu hupoa, na mvuke wake hugeuka matone yanayofanya mafungu meupe ya mawingu ambayo wanajiografia huyaita kumulasi. Jua likizama, ardhi hupoa, hewa huacha kupanda, na mengi ya mafungu hayo huanza kuyeyuka yenyewe. Kwa sababu hiyo anga la saa kumi na mbili jioni lililojaa mawingu si ushahidi kwamba saa tatu usiku patakuwa hivyo hivyo, na watu waliovunja safari kwa kuangalia dirishani alasiri hujutia uamuzi wao mara nyingi. Hali ni tofauti na mawingu membamba ya juu sana, yanayoitwa sirasi, ambayo ni chembe za barafu zilizotandazwa kama chandarua: hayo hayategemei joto la ardhi, huweza kukaa usiku mzima, na hutambulika kwa duara kubwa la mwanga linalouzunguka Mwezi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, yapo pia mawingu mazito ya mvua, na hapo hakuna ujanja isipokuwa kulala. Msimu unaofaa zaidi ni ule wa kipupwe na kiangazi, Juni hadi Septemba, pepo za kusi zinapovuma na mvua zinapopungua, ingawa hata wakati huo vifungu vidogo vya mawingu husafiri kutoka baharini na kupita juu ya Kisarawe kimoja baada ya kingine.

Kuna jambo moja kuhusu mawingu ambalo mkazi wa mjini huweza kuishi miaka yote bila kulijua. Mjini wingu la usiku ni jeupe au la rangi ya machungwa, kwa sababu linamulikwa kutoka chini na taa, na hivyo huonekana waziwazi kuliko anga linalolizunguka. Mahali penye giza la kweli mambo hugeuka, kwa kuwa wingu halina nuru ya kulimulika, nalo huwa jeusi kuliko anga lenyewe, mfano wa tundu lililokatwa katikati ya nyota. Masaki ina mambo yote mawili kwa pamoja: mawingu ya mashariki, yaliyo juu ya jiji, hung'aa, na yale ya magharibi huonekana tu kwa nyota yanazozifuta yanapopita. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake maana ya uchafuzi wa mwanga hahitaji chombo chochote cha kupimia. Awasimamishe hapo, awageuze upande huu na upande ule, nao watajionea.

Maandalizi ya usiku kama huo huanza na kalenda. Mwezi mpevu, pamoja na uzuri wake, hufuta nyota hafifu, kwa hiyo vikundi huchagua siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, au siku ambazo Mwezi huchelewa kuchomoza. Jambo la pili ni la kiungwana na la kiusalama pia: watu wageni wanaoshusha mirija mirefu kutoka kwenye gari gizani huzua maswali kijijini, hivyo mwenyekiti wa kijiji na mtendaji hupewa taarifa mapema, na inafaa zaidi wenyeji waalikwe, kwani anga wanaloliangalia wageni ni la wenyeji kwanza. Nguo za mikono mirefu na dawa ya mbu huhitajika, viatu vya kufunika miguu pia, kwa sababu majani ya usiku yana wadudu na nyoka. Kisha huja suala la macho. Mboni ya jicho la mtu mzima kijana gizani hupanuka hadi kufikia upana wa milimita 7 hivi, lakini kupanuka huko ni sehemu ndogo tu ya kazi, maana nyuma ya jicho zipo seli zinazohitaji kati ya dakika 20 na 30 kutengeneza upya kemikali inayopokea nuru hafifu. Mwanga wa simu wa sekunde chache huiharibu kazi hiyo yote. Kwa kuwa seli hizo haziathiriki sana na nuru nyekundu, watazamaji huvifunika vioo vya tochi zao kwa karatasi au plastiki nyekundu, na katika kikundi chenye nidhamu anayewasha tochi nyeupe bila kutoa onyo hukemewa hata akiwa mgeni rasmi.

Kuhusu vifaa, wengi hudhani kwamba kazi ya darubini ni kukuza tu, ilhali kazi yake kubwa ni kukusanya nuru. Lenzi yenye upana wa milimita 70, ambayo ni ndogo kabisa katika darubini za nyota, hukusanya nuru mara 100 zaidi ya mboni yenye upana wa milimita 7, kwa kuwa eneo huongezeka kwa mraba wa upana. Kioo cha milimita 150 hukusanya zaidi ya mara 400. Darubini ya lenzi huipinda nuru kwa kioo kinachopitisha mwanga, na ile ya kioo huirudisha nuru kwa kioo kilichopinda kuelekea ndani, aina ambayo ni nafuu zaidi kwa upana ule ule. Aina hii ya pili ilifikishwa mikononi mwa watu wa kipato cha kawaida na John Dobson, aliyekuwa mtawa kabla ya kuwa mtazamaji nyota wa barabarani huko San Francisco, ambaye mwaka 1968 alishiriki kuanzisha kikundi kilichosimamisha darubini kando ya njia na kuwaalika wapita njia kuchungulia bila malipo. Alitumia mirija ya makaratasi magumu na mbao za kawaida, na muundo wake, ambao seremala yeyote wa Kisarawe anaweza kuujenga akipewa kioo, ndio unaofaa zaidi katika anga lenye mawingu, kwa sababu husukumwa kwa mkono tu na kuelekezwa papo hapo kwenye upenyo uliojitokeza. Darubini za kisasa zenye mota na kompyuta zina faida zake, lakini nyingi hutaka kwanza zioneshwe nyota mbili au tatu ili zijue zilipo, na wingu likizificha nyota hizo mwenye chombo hubaki akisubiri wakati mwenye mbao zake ameshaona sayari ya Zohali. Kwa anayeanza, hata darubini ya mkononi ya macho mawili, ya aina wanayotumia watalii mbugani, inatosha kwa miezi mingi.

Anga la Masaki lina utajiri unaotokana na mahali penyewe palipo, karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mtu aliye hapo huona, katika kipindi cha mwaka mmoja, karibu nyota zote zinazoonekana kutoka duniani, za kaskazini na za kusini, isipokuwa zile chache zilizozunguka ncha ya kaskazini ya anga. Nyota ya Jaa, iliyowaongoza mabaharia wa Oman na Ghuba walipokuwa wakishuka kuja pwani ya Afrika Mashariki, hapa haionekani tena, kwani huzama chini ya upeo wa macho mara tu msafiri anapovuka ikweta. Manahodha walikuwa na kifaa kilichoitwa kamali, ubao mdogo wenye uzi uliofungwa mafundo, waliotumia kupima kimo cha nyota hiyo na hivyo kujua wamefika wapi. Jaa ilipopotea walizitegemea nyota nyingine, mojawapo ikiwa Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku baada ya Sirius.

Katika usiku wa Julai usio na mbalamwezi, giza kamili huingia kiasi cha saa moja na nusu, maana katika nchi za ikweta jua huzama karibu wima na machweo hayakawii. Saa mbili usiku, kundinyota la Akarabu, yaani nge, huwa limepanda juu sana mashariki, na moyo wake ni nyota nyekundu Antares, ambayo kipenyo chake kinazidi kile cha Jua kwa mamia ya mara. Kundinyota ni mkusanyiko wa nyota ambazo kwa macho zinaonekana kufanya umbo, ingawa kwa kweli zinaweza kuwa mbalimbali sana. Upande wa kusini, kidogo kuelekea magharibi, umesimama Msalaba wa Kusini, na karibu yake nyota mbili angavu zinazouelekeza. Iliyo mbali zaidi na Msalaba kati ya hizo mbili ni Alfa Kentauri, nyota ya kwanza ambayo kikundi humwonesha mgeni. Kwa jicho ni moja, kwa darubini ndogo ni mbili zilizokaribiana, na umbali wake ni miaka ya nuru 4.37. Mwaka wa nuru ni umbali unaosafiriwa na nuru kwa mwaka mmoja, takriban kilomita trilioni 9.46, kwa hiyo nuru inayoingia jichoni usiku huo iliondoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita. Juu kidogo, mahali ambapo jicho linaona doa lenye ukungu tu, darubini hufunua Omega Kentauri, fungu la nyota linalokadiriwa kuwa na nyota milioni 10 kwa umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Saa nne usiku kitovu cha galaksi yetu, galaksi ikiwa ni mji mkubwa wa mabilioni ya nyota, huwa karibu na utosi. Watazamaji wa Ulaya hukiona chini kabisa, katika hewa nzito ya upeo wa macho. Mwenyeji wa Pwani hulala chali tu.

Yote hayo huonekana kwa vipande, na hapo ndipo ujuzi wa kiongozi wa kikundi unapopimwa. Badala ya orodha moja inayofuatwa kwa mpangilio, yeye huandaa orodha ya kila upande wa anga, ili wingu likifunika kusini watu wageukie Arkturo iliyo kaskazini, au Vega inayochomoza kaskazini mashariki. Huweka pia akiba ya vitu vinavyostahimili utando mwembamba: Mwezi, sayari na nyota pacha, ambavyo nuru yake ni kali kiasi cha kupenya, tofauti na nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, yanayotoweka kwa utando mdogo tu. Tena hewa yenye utando wakati mwingine hutulia, nayo hewa tulivu ni bora kwa sayari kuliko anga safi lenye hewa inayochemka, kwani kumetameta kwa nyota kunakosifiwa na washairi ni dalili ya msukosuko wa hewa unaoiharibu picha katika darubini. Hata umande una hesabu yake: usiku wa mbingu nyeupe lenzi hupoteza joto haraka na kulowa, ilhali mawingu yanayopita huirudisha ardhini sehemu ya joto hilo na kuchelewesha umande. Na baada ya mvua fupi ya jioni, hewa ikiwa imeoshwa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, upenyo mmoja kati ya mawingu huweza kuwa safi kuliko usiku mzima wa kiangazi.

Kosa la kawaida la wanaoanza, ambalo ni la kufurahisha kuliko kuudhi, ni kushindwa kupambanua wingu la dunia na wingu la mbinguni. Pembeni mwa Msalaba wa Kusini lipo doa jeusi ambalo mgeni huliona na kusema kwamba wingu limeanza kuingia. Akisubiri, haliondoki, kwa sababu ni nebula ya vumbi iitwayo Mfuko wa Makaa, iliyo mamia ya miaka ya nuru kutoka hapa na inayozikinga nyota zilizo nyuma yake. Miezi ya Novemba hadi Februari mambo huwa kinyume: upande wa kusini huonekana vipande viwili vyeupe vinavyofanana kabisa na mawingu, navyo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani za galaksi yetu, kubwa yake ikiwa umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, ambamo mwaka 1987 nyota ililipuka kwa mng'ao ulioonekana bila darubini. Mtaalamu wa falaki Abdurrahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota kiasi cha mwaka 964, aliitaja Andromeda kuwa wingu dogo, na karibu miaka elfu moja ilipita kabla haijathibitishwa kwamba wingu hilo ni galaksi nyingine, ambayo leo hukadiriwa kuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5.

Kutazama anga kwa makundi chini ya mawingu si jambo geni kwa watu wa pwani. Kila mwaka, Shaaban inapofika siku ya 29, watu hukusanyika ufukweni, juu ya mapaa na kwenye vilima kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani, na mafundisho ya dini yameliwekea wingu hukumu iliyo wazi: lisipoonekana umbo la mwezi kwa sababu ya mawingu, hesabu ya siku 30 hukamilishwa. Wanaoshiriki kazi hiyo hujua waangalie wapi na kwa muda gani, na hujua kwamba katika nchi hizi mwezi mchanga hulala kama mtumbwi badala ya kusimama, ujuzi ambao kikundi chochote cha nyota kingeutamani. Wakulima nao walikifuata Kilimia, fungu dogo la nyota linaloonekana kama kishada. Mwezi Mei, masika ikielekea ukingoni, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua na kutoonekana kwa wiki kadhaa. Mwezi Juni, wakati wa ukavu, hurudi mashariki kabla ya alfajiri. Na Novemba, mvua za vuli zinapotarajiwa, huchomoza jioni na kukaa angani usiku kucha.

Historia ya astronomia imejaa watu walioumizwa na wingu, na aliyeumia kuliko wote labda ni Mfaransa Guillaume Le Gentil, aliyesafiri katika Bahari ya Hindi ili kuona Zuhura ikipita mbele ya Jua. Tukio la mwaka 1761 lilimkuta melini, ambako chombo kinachoyumba hakikumruhusu kupima. Akaamua kubaki katika bahari hiyo miaka minane kulisubiri tukio la 1769, akajenga kituo huko Pondicherry, India, na asubuhi ya siku yenyewe mawingu yakalifunika Jua mpaka mpito ukaisha. Alipofika kwao mwaka 1771 alikuta ameshahesabiwa kuwa mfu na nafasi yake ya kazi amepewa mwingine. Afrika Mashariki ina kisa chake cha karibuni: tarehe 3 Novemba 2013, Jua lilipopatwa, wageni waliokusanyika kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya walipigwa na dhoruba ya vumbi na mawingu dakika za mwisho, wakati wenzao wa Pakwach, Uganda, waliliona tukio lile lile. Tanzania ilikuwa na bahati zaidi tarehe 1 Septemba 2016, watu wengi walipofurika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona kupatwa kwa Jua kwa umbo la pete. Pete hiyo ilidumu dakika tatu hivi, muda ambao wingu moja tu lingetosha kuumaliza. Kupatwa kwa Mwezi ni rafiki zaidi wa anga letu: tukio la usiku wa 7 Septemba 2025 lilikuwa na dakika 82 za Mwezi kufunikwa wote na kivuli cha dunia, na kwa muda kama huo mawingu hupita, hufunua, na kupita tena.

Uvumilivu huo huzaa matunda hata kwa sayansi yenyewe. William Herschel alikuwa mwanamuziki alipoigundua sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781. Nyotamkia Hale-Bopp, iliyopendeza macho ya dunia nzima mwaka 1997, iligunduliwa miaka miwili kabla na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja wao, Thomas Bopp, akiwa mtazamaji wa ridhaa asiyemiliki hata darubini aliyoitumia. Mfano unaohusu zaidi mada hii ni wa Anthony Wesley wa Australia, ambaye usiku wa 19 Julai 2009, hali ya anga ikiwa mbaya, alikaribia kufunga vifaa vyake akalale; akapumzika kidogo, akarudi, na kuona kovu jeusi juu ya Mushtari, alama ya kitu kilichoigonga sayari hiyo, kabla ya wataalamu wenye vyombo vya mamilioni kufahamu lolote.

Nchini Tanzania kazi ya kuwaunganisha wapenda nyota imefanywa na Chama cha Astronomia na Sayansi ya Anga, kinachojulikana kwa kifupi kama ASSAT, na jina linalofahamika zaidi katika uwanja huo ni la Dkt. Noorali Jiwaji, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, aliyewaeleza wananchi mambo ya anga kupitia vyombo vya habari kwa miaka mingi, likiwemo tukio la Rujewa. Huko Kenya, Susan Murabana na wenzake huzungusha darubini shuleni na vijijini. Kenya ndiko pia lilikofanyika jibu kali kuliko yote kwa hewa inayokinga anga: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini hata pasipo wingu. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, chombo hicho kiliitwa Uhuru. Wakazi wa Pwani ya Tanzania hawahitaji roketi. Wanachohitaji ni giza walilonalo lisipotee, na hilo linategemea maamuzi madogo yanayofanywa sasa, umeme unapoendelea kusambazwa vijijini: taa ya nje ifunikwe juu na kuelekezwa chini, iwe ya mwanga wa njano badala ya mweupe mkali, na izimwe pasipo na mtu wa kuitumia. Serikali za vijiji vya Kisarawe na Kibaha zina uwezo wa kulisimamia jambo hilo bila gharama, tena kwa faida ya bili ya umeme, na zifanye hivyo kabla mwanga wa jiji haujazifikia.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, tarehe ya kuiweka katika kalenda ni 2 Agosti 2027. Mchana wa siku hiyo Jua litapatwa lote Afrika Kaskazini na sehemu za Uarabuni, na Tanzania itaona sehemu yake tu ikifunikwa, jambo linalotaka miwani maalumu ya kutazamia Jua, kwani miwani ya kawaida ya jua hailindi macho. Na kwa kuwa Jua hupatwa tu siku Mwezi unapokuwa kati yake na dunia, usiku utakaofuata hautakuwa na mbalamwezi, utaangukia katikati ya kiangazi, na Akarabu itakuwa juu ya Masaki tangu giza linapoingia.